Gari Linalopiga Magoti

Mtaani kwetu, mtu akisema anatafuta gari la zamani, kila anayemsikia anageuka mwalimu. Muuza nyama aliniambia nibebe sumaku, niipitishe chini ya milango, na mahali isiponata nijue bati limekwisha na hapo pamejazwa plasta na kupakwa rangi. Jirani mwenye duka la simu akaniambia niinue zulia la ndani, ninuse. Mwalimu mkuu wa shule ninayoishonea sare, mtu ambaye hajawahi kumiliki hata toroli, akanionya nisiguse gari ambalo spea zake hazipatikani, halafu akakaa nusu saa kwenye benchi langu akinieleza spea ni nini.

Niliwasikiliza wote, na si kawaida yangu. Watu huniita Mkasi, na jina hilo sikulipata kwa ajili ya ushonaji peke yake. Mtu akiniletea upuuzi nampa vidonge vyake hapohapo, awe mteja, awe mwenye nyumba. Lakini safari hii nilikuwa na shida, na shida ilinitia adabu.

Shida yenyewe ilikuwa mume wangu. Yeye anaitwa Dereva, hata na mimi, kwa sababu aliendesha magari ya wapima barabara tangu ujanani mpaka alipostaafu. Miaka miwili iliyopita alianguka bafuni. Upande wote wa kulia ukafa, na maneno yakaenda nao. Kichwa kimebaki kizima kabisa. Mtu akidanganya kwenye redio, Dereva ndiye wa kwanza kucheka. Lakini vya kumtoa nje ya kichwa hicho vilivyobaki ni macho, mkono wa kushoto, na sauti moja ya kooni isiyo na herufi.

Mama yake bado yuko hai. Ana miaka tisini na moja, yuko kitandani katika mji wa nyuma ya milima, mwendo wa saa tano kwa barabara. Kila Jumapili hupiga simu. Namwekea Dereva simu sikioni, na mama anauliza, "Mwanangu, unakuja lini?" Dereva anapumua. Mama anasubiri, halafu ananiambia mimi, "Nimemsikia pumzi. Amenenepa kidogo." Hawa wawili hawakuwa wakidai kitu kingine duniani. Walitaka kuonana kabla mmoja wao hajafumba macho, na kazi ya kuwakutanisha ilikuwa yangu.

Nilijaribu basi. Wanaume wanne walimnyanyua kama gunia la mkaa, na pale kwenye ngazi suruali yake ikateremka mbele ya abiria wote. Alishika chuma cha mlango kwa mkono wake mmoja, akakishika hivyo mpaka wakachoka, wakamrudisha kwenye kiti chake cha magurudumu. Nilijaribu teksi mbili. Viti viko juu, na lazima abebwe. Dereva ni mtu mrefu aliyezoea kufungulia wengine milango. Ukimwambia atabebwa, anageuza uso ukutani na huo ndio mwisho wa mazungumzo. Nami sina nguvu za kumnyanyua peke yangu, mgongo wangu umeshaliwa na cherehani.

Gari nililiona nilipopeleka mapazia kwa Mama Dawa. Huyo ni mfamasia mstaafu, mjane, mtu wa kunyoosha kila kitu mpaka kamba ya viatu. Uani kwake palikuwa na gari la ajabu, refu, pua nyembamba, magurudumu ya nyuma yamefichwa nusu, na tumbo lake limekaribia kugusa sakafu.

"Pole," nikamwambia. "Limekufa lini?"

"Halijafa," akasema. "Limelala."

Akaingia, akaliwasha. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha nyuma ikaanza kuinuka, polepole, kama mtu mzima anayetoka kwenye zulia akishika goti, na mbele nayo ikafuata, mpaka gari zima likasimama juu kama magari mengine. Mama Dawa akasogeza mkono fulani wa chuma kando ya kiti chake, na gari likashuka tena taratibu, likapiga magoti.

Kamba yangu ya kupimia ilikuwa shingoni. Sikuomba ruhusa. Nikapima kutoka chini mpaka kwenye kiti cha abiria, na kichwani ninacho kipimo cha kiti cha Dereva kwa sababu mto wake niliushona mimi. Vilipishana kwa upana wa vidole viwili. Mtu angeweza kuteleza kutoka kiti hiki kwenda kile kwa mkono mmoja, bila kushikwa na yeyote. Nikakaa chini palepale kwenye sakafu ya mfamasia na nikalia.

Nyumbani nilimwonyesha Dereva picha kwenye simu. Aliitazama muda mrefu. Kisha mkono wake wa kushoto ukaenda kando ya kiti chake, chini, ukasogeza kitu ambacho hakikuwapo, juu na chini, juu na chini. Nikaelewa. Miaka ya mwanzo ya kazi yake, kabla sijaolewa, wapima barabara walikuwa na gari la namna hii. Alilijua.

Nilirudi kwa Mama Dawa. Nikamwambia ukweli wangu wote, kwamba sijui gari, sijui kuendesha, na la aina hii sijawahi kuliona hata kwenye kalenda.

"Umeshauliza watu?" akaniuliza.

"Mtaa mzima."

"Watu wanaojua magari, au watu wanaolijua hili?" Hakungoja nijibu. "Kila atakayelisogelea atakuambia anajua magari. Hao ndio wa kuogopa. Ukinunua gari usilolijua, kwanza tafuta mtu mmoja aliyeishi nalo, na usimruhusu mwingine ashike kitu kabla huyo hajaona. Mimi nahamia kwa mwanangu wiki mbili zijazo. Nani mwingine analijua?"

"Mume wangu. Lakini hasemi."

"Macho anayo?"

"Anayo."

"Basi kila kitu kipite mbele ya macho yake kwanza."

Halafu akaniandikia karatasi. Miaka arobaini ya kubandika maelezo kwenye chupa za dawa haimtoki mtu. Aliandika kwa herufi kubwa safi: liwashwe kutwa mara moja, liachwe liinuke lenyewe, lisiharakishwe. Likisimama juu, mafuta yake hupungua kwenye tangi kwa sababu yameingia miguuni, usishtuke, usiongeze. Na chini kabisa, amepiga mstari mara mbili: mafuta ni ya kijani. Kijani tu. Mengine yote ni sumu.

Nilikunja karatasi nikaitia kwenye mfuko wa aproni, na pesa zangu za miaka mingi zikaenda kwake.

Sasa ngoja niwaeleze Spana. Huyu ni kaka mkubwa wa Dereva, shemeji yangu, fundi wa malori aliyestaafu akabaki na jina hilo hilo. Kwenye malori hana mpinzani, hilo simpunji. Ana desturi moja ambayo karakana nzima aliyofanyia kazi iliirithi: gari haliendi safari mpaka alifungue boneti na kujaza kila tangi mpaka mdomoni, maji, oili, breki, yote. "Hakuna gari lililotoka mkononi mwangu likiwa na kiu," ndivyo anavyosema, na anasema mara nyingi mno. Mkoba wake hauna nguo. Una chupa.

Nilipomwambia nimenunua, alitikisa kichwa mpaka nikadhani kitadondoka. "Shemeji, gari usilolijua?"

"Ndugu yako analijua."

"Ndugu yangu mgonjwa."

Nilikuwa na jibu la hilo, jibu zuri, lenye makali pande mbili. Nikalimeza. Maana mara ya mwisho nilipompa Spana vidonge vyake ilikuwa hospitalini, wiki ya kwanza. Alikuwa akisimulia wauguzi habari za malori huku mdogo wake anatokwa mate, nikamuuliza kama amekuja kumtazama mgonjwa au kutafuta wateja. Alichukua kofia yake na hakukanyaga kwetu miezi minane. Dereva alikuwa akitazama mlango kila jioni.

Na safari hii nilimhitaji kuliko miezi ile. Nani angeendesha? Binti yetu yuko mbali na hajui hata baiskeli. Madereva wawili niliojaribu kuwakodi walikuja, wakaliona limelala chini, mmoja akacheka, mwingine akasema yeye ana watoto. Mama Dawa macho yake yameshaharibika kwa safari ndefu. Alibaki Spana. Bila Spana nilikuwa nimenunua kochi la bei ghali.

Mama Dawa alilileta mwenyewe siku ya Jumatatu, mwendo wa konokono. Akalipigisha magoti mbele ya mlango wetu. Nilimsukuma Dereva mpaka kando ya kiti, nikafunga breki za magurudumu, nikarudi nyuma hatua tatu nikaficha mikono yangu mgongoni. Alishika fremu ya mlango. Akavuta. Akateleza. Mguu uliokufa ulibaki nje, akauinamia, akauinua kwa mkono wake mwenyewe, akauweka ndani. Kisha akafunga mlango.

Naomba niseme tena: alifunga mlango mwenyewe. Miaka miwili mlango wowote aliopita ulifungwa na mtu mwingine.

Mama Dawa alituzungusha mtaa mzima. Gari lile halitikisiki. Ilikuwa kama tumekaa sebuleni na mtaa ndio unapita. Dereva alikuwa akitoa ile sauti yake ya kooni, chini chini, mfululizo. Jioni nikampigia mama mkwe. "Jumapili, Mama. Jumapili tunakuja." Akasema atamwambia anayemhudumia amvalishe na kumkalisha mlangoni.

Spana alikuja Jumamosi, saa saba mchana, na mkoba wake.

Nilikuwa barazani kwenye cherehani, nimezungukwa na sketi za kijani za shule, rundo linalofika kiunoni. Dereva alikuwa kivulini kando yangu. Muuza nyama na jirani wa duka la simu walikuwa wamekuja kuona maajabu, mikono nyuma, kama wakaguzi. Spana aliliwasha gari, likainuka, wakapiga makofi. Akalizima, akafungua boneti kabla halijaanza kushuka. Akachungulia, akagonga hiki, akafungua kile. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyemkamata mwizi, "Nilijua! Tangi hili liko nusu. Mwanamke yule ametaka kuwaua."

"Hilo ni la nini?" muuza nyama akauliza.

"La breki. Na usukani pia, inavyoonekana. Vimeunganishwa." Akafungua mkoba, akatoa chupa ya mafuta ya breki, yale ya kawaida ya kila duka, rangi kama chai ya rangi.

Mkono wangu ulikuwa mfukoni mwa aproni, juu ya karatasi. Nikasema, "Shemeji, Mama Dawa alisema yawe ya kijani. Na alisema likiwa juu yanaonekana yamepungua, tusiongeze."

Niliisema kwa upole. Jirani wa simu alinigeukia kwa mshangao, hakuwahi kusikia sauti yangu ya namna hiyo.

Spana alicheka. "Shemeji, nimefungua malori tangu wewe hujaolewa. Kitu kinachofanya kazi ya breki kinataka mafuta ya breki. Rangi ni ya kuwavutia wanunuzi."

Hapo ndipo Dereva alipoanza. Alipiga mkono wa kiti kwa kiganja. Pa, pa, pa. Sauti ya kooni ikapanda mpaka ikawa kilio. Mishipa ya shingo ikamsimama. Akainua mkono, akanyoosha kidole, akaelekeza kwenye rundo la sketi zangu. Akapiga kiti tena. Akaelekeza tena.

"Mtazameni!" Spana akasema, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli, hilo nalo simpunji. "Mdogo wangu anashangilia. Amemwona kaka yake kwenye kazi."

"Kama anaonyesha nguo vile," akasema muuza nyama.

Spana aliweka chupa chini, akafuta mikono kwa kitambaa, polepole. Akanitazama mimi, si Dereva. "Shemeji, niendelee au niwaachie wenyewe? Maana kama kuna fundi mwingine hapa, mimi nyumbani kwangu nina kazi."

Kila mtu alikuwa akingoja Mkasi ukate. Niliona kabisa muuza nyama akijiandaa kutabasamu. Maneno nilikuwa nayo, na karatasi nilikuwa nayo. Nilichokiona mbele yangu ni mama wa miaka tisini na moja aliyevalishwa na kukalishwa mlangoni, na kofia ya Spana ikipotea kwenye kona ya barabara kwa miezi minane mingine. Nikajiambia labda ni kweli, labda mafuta ni mafuta. Mimi, ambaye nimemfukuza mteja kwa kutia mafuta ya kupikia kwenye cherehani yangu.

"Endelea, shemeji," nikasema.

Pa, pa, pa.

"Sasa anataka nini?" muuza nyama akauliza.

"Anasikia baridi," nikasema.

Jua lilikuwa la saa saba. Kuku walikuwa wamelala chini ya ngazi midomo wazi. Hakuna aliyenipinga, maana mke ndiye anayemjua mgonjwa wake. Nikachukua kitambaa cha kijani kutoka kwenye rundo, kipande kipya ambacho sijakikata, nikamfunika miguu, nikakikunja vizuri kwenye kiuno. Dereva akanyamaza. Hakutazama chupa tena. Alinitazama mimi. Alijua kwamba nimemwelewa, na mimi nilijua kwamba anajua, na nyuma yangu mafuta yalikuwa yakiingia kwenye tangi, yakibwabwaja, mpaka chupa ikaisha.

Spana aliliwasha. Likainuka, zuri kabisa. "Mmeona?" akasema. Akaliendesha barabara nzima kulizoesha, akarudi, akala, akalala kwenye chumba cha mbele akikoroma kama mtu mwenye haki.

Jumapili asubuhi nilimnyoa Dereva, nikamvalisha shati nililolipiga pasi Ijumaa. Alinyoosha mkono uingie kwenye shati bila kunitazama. Gari lilikuwa limelala. Aliteleza ndani mwenyewe, akauinua mguu mwenyewe, akafunga mlango mwenyewe. Mimi nikakaa nyuma na chupa ya maji na mto. Spana akawasha.

Tukangoja. Nyuma ilitikisika, ikainuka kidogo, ikasimama njiani. Mbele haikuinuka kabisa. Injini ilikuwa ikinguruma na chini yake kulikuwa na mlio mwembamba, kama cherehani isiyo na uzi. Spana alikanyaga mafuta. Kisha nikaona kitu kikitambaa kwenye sakafu kutoka chini ya pua ya gari, kioevu, si cha kijani wala si cha chai, rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

"Linapasha moto," Spana akasema.

Tulikaa mle mpaka mchana. Dereva alitazama mbele, mkono wake wa kushoto magotini, shati limenyooka. Simu yangu ilianza kulia saa nne. Sikuipokea. Ikalia tena saa tano, tena saa sita. Mara ya nne nikaipokea, na mama mkwe akasema, "Mmefika mlima? Nimekaa mlangoni."

Spana alinipokonya simu. "Mama, gari ni bovu. Shemeji aliuziwa gari bovu. Mimi nilimwambia tangu mwanzo asinunue asilolijua."

Nilikuwa nimekaa nyuma yake, naona kisogo chake. 

Siku nne akalijaribu, akiwasha na kuzima. Siku ya tano nilimwita Mama Dawa, akaja akiwa ameacha masanduku yake nusu yamefungwa. Spana alikuwa ameenda zake. Mama Dawa alifungua tangi, akachovya kidole, akanusa, akakisugua kwenye kidole gumba.

"Nani aliweka hii?"

"Shemeji yangu."

"Na likawashwa?"

"Likawashwa."

"Mara moja?"

"Kila siku. Siku tano."

Akafunga tangi taratibu. Alinieleza bila kunikaripia, na ningependa angenikaripia. Mipira yote ya ndani, pampu, miguu minne, breki, usukani, yote imetengenezwa kwa mafuta ya kijani. Haya mengine huivimbisha na kuilainisha mpaka iwe uji. Lingekuwa halijawashwa, tungemwaga tangi, tukaliosha, na kazi ingekuwa imeisha kwa mchana mmoja. Sasa ni kulifungua lote, na mipira itoke ng'ambo, na fundi wa kuifunga aliyekuwa akimjua amekufa kitambo.

"Mumeo hakuona?" akaniuliza.

Nilimwangalia Dereva kule barazani. "Aliona," nikasema.

Mama Dawa aliningojea niendelee. Nikainama nikafuta sakafu. Akanishika bega, akaenda kufunga masanduku yake.

Gari bado liko mlangoni. Dereva hutaka kuingia humo kila siku, na anaingia mwenyewe, maana kupiga magoti halijasahau. Anafunga mlango. Anakaa humo mpaka jua limhamishe. Watu wa mtaani wameshajua hadithi yote: Mkasi hasikilizi ushauri, alinunua gari asilolijua, likamfia. Muuza nyama aliniuliza kama nilipitisha sumaku. Mwalimu mkuu amenikumbusha habari za spea. Nawaitikia.

Spana sasa anasema atatafuta lori dogo mwisho wa mwezi, lenye kitanda nyuma, tumlaze Dereva humo tumfunge vizuri. Dereva akisikia hivyo anageuza uso ukutani. Lakini mama mkwe ameanza kusahau siku, juzi aliniita kwa jina la dada yake, na lori lina dereva mmoja tu.

Jumapili iliyopita Spana alikuwa hapa, amekaa kwenye kiti cha mlangoni na chai yake. Simu ikalia saa saba, jua limesimama utosini. Niliiweka sauti kubwa, nikaishika karibu na Dereva.

"Mwanangu," mama akasema, na sauti yake imekuwa nyembamba sana. "Kaka yako ameniambia mkeo aliuziwa gari bovu. Ni kweli? Wewe si ulikuwa unayajua magari yale? Kwa nini hukumwambia?"

Mkono wa Dereva ulipanda. Pa, kwenye mkono wa kiti. Pa, pa. Ile sauti ikamtoka kooni, ikapanda, akanyoosha kidole kwenye rundo la sketi kando ya cherehani yangu. Spana aliacha kunywa.

"Nini hiyo?" mama akauliza. "Nasikia kitu kinagongwa. Anataka nini?"

Spana alikuwa akinitazama juu ya kikombe. Dereva naye alikuwa akinitazama.

"Anasikia baridi, Mama," nikasema.

"Basi mfunike," akasema. "Mfunike mwanangu asije akaugua."

Nikavuta kitambaa cha kijani, nikamfunika.